Uzi: Shakwe wakubwa wa pwani na maziwa yetu katika picha, na kwa nini rangi ya mgongo iangaliwe mwisho

#1. Mlangoni Sabaki (mwanzisha uzi), Malindi

Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Kila msimu wa kaskazi unapoingia, picha za shakwe wakubwa huanza kumiminika humu zikiwa na swali moja tu: huyu ni yupi? Majibu nayo huja upesi mno, na karibu yote hutegemea weusi wa mgongo. Naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu weusi wa mgongo ndiyo sifa ambayo kamera huipotosha kuliko nyingine zote, na ndiyo sifa ambayo sisi huianza nayo.

Kwanza tuwaondoe wasiohusika. Shakwe wa Hemprich, mwenye mwili wa kahawia iliyokolea na mdomo mrefu wa rangi mbili unaoelekea chini nchani, ni mwenyeji wa pwani yetu ya kaskazini na hamsumbui mtu aliyekwisha kumzoea. Shakwe kichwa-kijivu wa maziwani ni mdogo mno kuingia katika mjadala huu. Shakwe wa Pallas, ambaye huonekana mara chache mlangoni mwa Mto Sabaki, ni mkubwa kuwapita wote, mgongo wake ni wa kijivu hafifu, na mdomo wake una njano, nyeusi na nyekundu kwa pamoja.

Utata halisi ni wa ndege watatu ambao orodha kubwa za ndege za dunia leo zinawahesabu kuwa nususpishi, yaani makundi ndani ya spishi moja, za *Larus fuscus*. Wa kwanza ni *fuscus* mwenyewe, shakwe wa Baltiki, anayezaliana Finland, Sweden na kaskazini mwa Norway, na ambaye huja kukaa Afrika Mashariki wakati kwao kuna baridi kali. Wa pili ni *heuglini*, mzaliwa wa tundra ya kaskazini mwa Urusi, aliyepewa jina la Theodor von Heuglin, mtaalamu wa ndege Mjerumani aliyesafiri sana Sudan na Uhabeshi na kufariki mwaka 1876, mwaka uleule ndege huyu alipopewa jina lake la kisayansi. Wa tatu ni *barabensis*, wa maziwa ya nyika za kusini-magharibi mwa Siberia na kaskazini mwa Kazakhstan, ambaye makao yake ya msimu wa baridi ni Ghuba na Bahari ya Uarabuni zaidi kuliko kwetu.

Ninapopokea picha, jambo la kwanza ninalolitafuta ni umri. Shakwe hawa huchukua takriban miaka minne kufikia manyoya ya utu uzima, na katika miaka hiyo hubadilika sana kiasi kwamba ndugu wawili wa kiota kimoja waliopishana miaka miwili wanaweza kudhaniwa kuwa spishi mbili. Mkia ukiwa mweupe kabisa, mabawa yakiwa hayana kahawia, na mdomo ukiwa wa njano wenye doa jekundu karibu na ncha ya chini, huyo ni mkomavu. Ukiona mabaka ya kahawia kwenye mabawa, weusi mkiani au mkanda mweusi mdomoni, basi huenda ndege bado ni kijana, na karibu kila nitakachosema hapa chini hakimhusu.

Baada ya umri ninatazama manyoya makuu ya bawa, na hapa ndipo picha nzuri hulipa kuliko darubini. Shakwe ana manyoya makuu 10 yanayoonekana nchani mwa bawa, nayo huhesabiwa kutoka ndani kwenda nje: ulio karibu na mwili ni unyoya wa 1, na wa nje kabisa ni wa 10. Hubadilishwa kwa mfuatano huohuo, wa kale ukianguka na mpya ukiota mahali pake, na kazi nzima huchukua miezi mingi. Unyoya mpya ni mweusi wenye kung'aa na una ncha nyeupe safi. Wa kale umefifia kuwa kahawia na ncha yake nyeupe imelika. Kwa hiyo picha ya ndege aliyekunjua mabawa hutuambia amefika wapi katika kazi hiyo, na tarehe ya picha hutuambia iwapo amewahi au amechelewa. *Barabensis* huwahi, na wengi wao hufika Desemba wakiwa wamemaliza au wamekaribia kumaliza. *Heuglini* huchelewa, hata si ajabu kumkuta Januari akiwa bado anaotesha unyoya wa 9 na wa 10. *Fuscus* huacha karibu kazi yote mpaka awasili Afrika, naye huikamilisha msimu wa kaskazi ukielekea mwisho. Nasisitiza kwamba hizi ni tabia za wengi, si sheria, na ndege mmoja mmoja huzivuka mipaka.

Umbo hufuata. *Fuscus* ni mwembamba, kichwa chake ni kidogo, mdomo si mnene, na mabawa yaliyokunjwa huupita mkia kwa urefu unaoonekana waziwazi. *Heuglini* kwa kawaida ni mkubwa zaidi, ana miguu mirefu, paji la uso linaloteremka taratibu na mdomo wenye nguvu. Kichwani, *heuglini* wa Desemba huwa na michirizi ya kijivu-kahawia iliyosongamana zaidi nyuma ya shingo, wakati *fuscus* hubaki karibu mweupe hata katikati ya msimu wa baridi. *Barabensis* ana kichwa cha mviringo zaidi, na mara nyingi mdomo wake una weusi kidogo karibu na lile doa jekundu.

Rangi ya mgongo inakuja baada ya hayo yote. Karibuni.

#2. Ziwani, Mwanza

Ahsante sana, mkuu, kwa maelezo haya. Swali langu ni la mtu wa ziwani. Shakwe wakubwa wanaotua kwenye miamba hapa Mwanza, na wanaofuata mitumbwi ya dagaa inaporudi asubuhi, mimi huwaona wote weusi, na picha zangu za simu huwaonyesha weusi zaidi. Nimekuwa nikiwaandika wote kuwa wa Baltiki. Je, kuna kiwango chochote kinachokubalika cha kupima weusi huo, au kila mtu anatumia jicho lake?

#3. Mlangoni Sabaki

Ndugu yangu, kiwango kipo. Wataalamu hutumia mizani ya kijivu ya Kodak yenye ngazi 20, ambapo 0 ni nyeupe na 19 ni nyeusi. Kwa makadirio yanayokubalika, *fuscus* huangukia kati ya 13 na 17, *heuglini* kati ya 8 na 11 hivi, na *barabensis* kati ya 7 na 8 na nusu. Ukizitazama namba hizo utaona kwamba *fuscus* amejitenga na wenzake, lakini wale wawili wengine wanagusana. Kwa hiyo rangi yaweza kumtenga shakwe wa Baltiki ikiwa imepimwa vizuri. Kati ya *heuglini* na *barabensis* haiwezi kusimama peke yake.

Tatizo ni kwamba mizani hiyo hushikwa kando ya ndege, au kando ya ngozi ya ndege iliyohifadhiwa makumbusho, chini ya mwanga mmoja, ilhali picha ina mwanga wake. Jua la utosini, ambalo sisi wa karibu na ikweta tunalo kila siku, huupaukisha mgongo hata *heuglini* akaonekana wa kijivu cha kawaida. Jua likiwa nyuma ya ndege, mgongo huwa mweusi tii bila kujali ni nani. Hapa Sabaki jua huchomoza baharini, hivyo anayepiga picha asubuhi akiwa ufukweni na kuelekea majini hupata ndege weusi watupu; alasiri jua likiwa mgongoni kwake, ndege walewale hurudi kuwa wa kijivu. Kwako Mwanza ziwa likiwa magharibi yako, mambo hugeuka, na jioni ndiyo ya kuogopwa.

Dawa yake ni kulinganisha ndani ya picha moja. Weusi wa ncha za mabawa ni kipimo ambacho kila ndege hubeba mwenyewe. Kwa *fuscus* aliyekomaa, mgongo na ncha za mabawa hukaribiana sana hata ni vigumu kuona mpaka, lakini kwa *heuglini* mpaka huo huonekana. Kwa *barabensis* tofauti ni wazi zaidi. Jambo hili hudumu hata picha ikiwa imepauka kidogo, mradi ndege amesimama ubavu kwetu na hakuna kivuli kinachokata mwili wake. Akikuelekea au akikupa mgongo, pembe ya mwanga hubadilika na ulinganisho huo huharibika.

Kuhusu kuwaandika wote wa Mwanza kuwa wa Baltiki, huenda wengi wao ndio, maana *fuscus* ni wa kawaida sana Ziwa Victoria. Hata hivyo *heuglini* pia huingia bara, na mahali peke yake si ushahidi.

#4. Bandari ya Matrah, Maskati

Assalaam aleikum. Mimi niko Oman, ambako shakwe wakubwa ni wengi mno pwani wakati wa baridi, na *heuglini* na *barabensis* husimama bega kwa bega kwenye soko la samaki. Ningependa kuongeza machache, na jambo moja nilipinge kwa heshima.

La kwanza, macho. Hapa Maskati *heuglini* wengi wakomavu wana jicho la njano iliyopauka, ingawa wapo wenye vitone vyeusi ndani ya njano hiyo, na *barabensis* mara nyingi huonekana na jicho jeusi zaidi ukiwa mbali. Picha ikiwa karibu ya kutosha, jicho ni sifa nzuri ya kuunga mkono hoja, lakini nimewaona watu wakiifanya kuwa hoja yenyewe.

La pili, mjue kwamba huku tuna mshindani wa nne, shakwe wa Kaspi, *Larus cachinnans*, ambaye mgongo wake umepauka kuliko wote hao, mdomo wake ni mrefu na mwembamba, na kichwa chake kidogo kinachoteremka kuelekea mdomoni hulifanya jicho dogo jeusi lionekane limewekwa mbele mno. Akiruka, chini ya unyoya wa 10 huonekana ulimi mrefu wa kijivu cha fedha unaoingia ndani ya weusi. *Barabensis* aliyepigwa picha juani saa sita mchana huitwa wa Kaspi kila siku, na wa Kaspi aliyepigwa kivulini huitwa *barabensis*.

Sasa lile ninalolipinga. Mwanzisha uzi ameeleza kwamba *barabensis* huwahi kumaliza manyoya, na hilo ni kweli kwa wengi ninaowaona. Hofu yangu ni kwamba msomaji wa Kenya au Tanzania atamwona ndege wa Januari mwenye mabawa yaliyokamilika na mgongo uliopauka kidogo, kisha atatangaza *barabensis*. *Heuglini* wapo wanaowahi, na kwa kuwa pwani yenu ndio wengi zaidi, hao wachache wanaowahi wanaweza kuwazidi *barabensis* wote wanaofika huko. Mimi ningedai sifa zote zikubaliane: manyoya, umbo la kichwa, mdomo, rangi iliyolinganishwa ndani ya picha, na zaidi ya hapo awe amesimama karibu na *heuglini* asiye na shaka. Pasipo hayo, aandikwe *Larus fuscus* tu.

#5. Mlangoni Sabaki

Wa aleikum salaam, Sheikh. Pingamizi lako lina uzito, nami nalikubali kwa upande wa pwani yetu, ila sharti la kumtaka *heuglini* wa kulinganisha naye katika kila picha naona ni kali mno. Kuna siku ufuko una shakwe mkubwa mmoja tu kati ya kundi la membe na shakwe wa Hemprich, na picha tano kali za bawa lililokunjuliwa zinaweza kutosha. Tukubaliane kwamba asiyekuwa na picha ya bawa asimtaje *barabensis* kabisa.

#6. Mdadisi, Nairobi

Samahani kwa kuingilia. Kama orodha za dunia zinawahesabu hawa watatu kuwa spishi moja, tunajisumbua kwa ajili gani? Nikiandika jina la spishi nimekosea nini?

#7. Mlangoni Sabaki

Hujakosea hata kidogo, na mara nyingi hilo ndilo jibu la haki. Hata hivyo ipo sababu ya kujisumbua.

Mwaka 1942 mwanabiolojia Ernst Mayr aliwatumia shakwe wakubwa wa kaskazini kama mfano maarufu wa jamii iliyoizunguka Aktiki kama mnyororo, kila kiungo kikizaana na jirani yake, mpaka viungo viwili vya mwisho vilipokutana Ulaya na kukaa pamoja kama spishi mbili. Maelezo hayo yalifundishwa kwa miongo mingi. Mwaka 2004 watafiti Liebers, de Knijff na Helbig walichapisha uchunguzi wa vinasaba ulioonyesha kwamba mnyororo huo haukufungika namna hiyo, na kwamba historia ya shakwe hawa ina chimbuko zaidi ya moja. Tangu hapo *heuglini* amehesabiwa na wengine kuwa spishi kamili na wengine kuwa nususpishi, na mimi sioni haja ya kugombania cheo chake humu.

Kinachonihusu ni kwamba makundi haya yana makao tofauti, njia tofauti za safari na hali tofauti. Shakwe wa Baltiki amepungua sana katika maeneo yake ya kuzaliana, na watafiti wa Finland wamewafunga vifaa vya setilaiti na kuwafuata mpaka Ziwa Victoria. Anayetaka kujua jinsi ndege hao wanavyoishi miezi waliyo kwetu atanufaika na picha za Mwanza, Kisumu na Entebbe endapo tu mpiga picha ametenganisha *fuscus* na wengine. Tovuti ya eBird, ambako watazamaji huandika ndege waliowaona, inaruhusu kuandika kundi, mathalani *fuscus* au *heuglini*, na pia inaruhusu kuandika spishi bila kundi. Tumieni hiyo nafasi ya pili bila haya.

#8. Kunduchi Pwani, Dar es Salaam

Nina picha ya shakwe mkubwa sana, mgongo mweusi kabisa, jicho jeusi, mdomo mnene kuliko nilivyowahi kuona. Rafiki zangu wanasema ni *fuscus* aliyenenepa. Mimi nashuku ametoka kusini.

#9. Bandari ya Matrah, Maskati

Mgeni wa kusini anayefikiriwa hapo ni shakwe wa Rasi, *Larus dominicanus* wa nususpishi *vetula*, anayezaliana Afrika Kusini na Namibia. Kwenu ni adimu, hivyo ushahidi wake uwe mzito.

Tazama mambo haya katika picha. Mabawa yake yaliyokunjwa hayaupiti mkia sana, kwa hiyo nyuma yake huonekana fupi na pana, ilhali *fuscus* ana mkia wa nyuma uliochongoka kwa sababu ya mabawa marefu. Miguu ya shakwe wa Rasi ina kijani-kijivu au njano chafu, nayo ya *fuscus* mkomavu ni ya njano iliyo wazi zaidi, ingawa nayo hufifia wakati wa baridi. Ukingo mweupe wa nyuma ya bawa ni mpana kwa shakwe wa Rasi, na akiwa amesimama ukingo huo hujitokeza kama mwezi mwandamo mkubwa nyuma ya mgongo. Jicho jeusi ni la kawaida kwa *vetula*, lakini shakwe kijana wa aina yoyote naye ana jicho jeusi, ndiyo maana lile suala la umri linarudi palepale. Tena kalenda yake si ya kaskazini: huzaliana kiangazi cha kusini na hubadilisha manyoya kwa ratiba yake, kwa hiyo ndege anayebadilisha manyoya makuu katika mwezi ambao *fuscus* yeyote mkomavu angekuwa amekwisha kumaliza ni wa kuchunguzwa kwa makini.

Tuwekee picha akiwa ubavu, na nyingine akiruka kama ipo.

#10. Ziwani, Mwanza

Na wale vijana wenye kahawia ambao hubaki hapa hata wakati wa kusi, wakubwa wakiwa wamekwisha kurudi kwao, tuwafanyeje?

#11. Mlangoni Sabaki

Kwa kweli wengi wao tuwaache bila jina la kundi. Ndege wa mwaka wa kwanza aliyekaa miezi juani karibu na ikweta huwa na manyoya yaliyochakaa na kupauka kiasi kwamba rangi haina maana tena. Jambo moja tu lenye thamani ni hili: vijana wengi wa *fuscus* hubadilisha manyoya yao makuu yote wakiwa bado Afrika katika msimu wao wa kwanza, hivyo kijana wa Aprili au Mei mwenye mabawa mapya kabisa, umbo jembamba na mgongo ulioanza kuingia weusi ni mtu wa kutiliwa maanani. Vilevile msilinganishe vijana wenu na picha za intaneti kutoka Uingereza au Uholanzi. Shakwe wa huko ni wa kundi la *graellsii* au *intermedius*, wanabadilisha manyoya kwa kalenda nyingine, na mgongo wa *graellsii* una kijivu kilekile cha *heuglini*. Nimeona mijadala mirefu ikipotea njia kwa sababu hiyo.

Kuhusu picha zenyewe, naomba zisipitishwe WhatsApp kabla ya kuwekwa hapa, kwa maana programu hiyo huzibana na kuzifuta alama ndogo za ncha za manyoya, ambazo ndizo tunazozitafuta. Pigeni mfululizo ndege anapojinyoosha au anapokaribia kuruka. Punguzeni mwanga kidogo kwenye kamera ili weupe wa kichwa usiungue na michirizi ya shingo ibaki. Msiongeze weusi wala ukali kwa programu kabla ya kutuonyesha.

Mwisho, tazameni miguu. Baadhi ya ndege huvishwa pete na watafiti, na pete ikisomeka, mjadala wote wa rangi hufungwa. Pete za chuma za Finland zina maneno ya makumbusho ya Helsinki, na za Urusi huandikwa MOSKWA. Za plastiki zina herufi na tarakimu kubwa zinazosomeka hata kwa mbali. Namba ya pete ya chuma huzunguka mguu mzima, na picha moja haionyeshi zaidi ya nusu yake, kwa hiyo endeleeni kupiga ndege anapogeuka, kisha muunganishe vipande.

#12. Kunduchi Pwani, Dar es Salaam

Nimeweka picha mbili za ubavu na moja akiruka. Miguu imezama majini katika zote mbili za kwanza, lakini ukingo wa bawa unaonekana.

#13. Bandari ya Matrah, Maskati

Nimezitazama. Ukingo ni mpana kweli, na mabawa ni mafupi kuliko ningetarajia kwa *fuscus*. Mkia una doa la weusi upande mmoja, kwa hiyo hajakomaa kabisa na jicho lake haliwezi kuhesabiwa. Bila miguu, mimi naishia kusema "huenda ni shakwe wa Rasi". Kama bado yupo, nenda maji yakipwa.